Kipande cha Ngozi

Mama yangu alitoka kijijini Bwejuu akaja hospitali ya mjini kwa jambo moja tu: kipande cha ngozi ya mjukuu wake. Daktari alikikata mkononi mwa binti yangu, kikapelekwa maabara ya nje ya nchi inayotafuta dawa ya ugonjwa wake, ule wa jeni uliomnyima kusema. Kwetu hata ukucha ukikatwa huzikwa, sembuse nyama ya mtu.

"Nataka kirejeshwe tukizike," alimwambia daktari, wala hakukubali kukaa.

Nilitamani ardhi ipasuke, immeze yeye au mimi. Ugonjwa huu hauna watu wengi wanaoushughulikia. Tukiwaudhi hawa, tutamwendea nani?

Daktari akajibu taratibu. "Bibi, hakijafa. Wanakikuza huko, na kila dawa wanaijaribu kwenye hicho kwanza, kabla ya mtoto."

Mama akauliza, "Na huko nani anakisomea dua?"

Tulirudi nyumbani kwangu Michenzani. Baada ya magharibi alimsomea mtoto, akampulizia utosini kama kawaida yake. Halafu akaenda dirishani, akapuliza tena, nje.