Mstari wa Juu

Bonde zima la Huangni hakuna aliyemfikia Mzee Shuigen kwa brashi, asikudanganye mtu. Kuta zote, hata ule wa choo cha shule, aliziandika yeye: familia moja, mtoto mmoja. Maandishi mekundu, manene, yameshiba kuliko watoto wenyewe.

Kichekesho ni kwamba alipokuwa anayaandika, na mtoto wa kiume anaye tayari, mkewe alikuwa na mimba nyingine chini ya koti la pamba. Kwa kosa hilo watu walibomolewa mapaa. Basi mtoto akazaliwa kimyakimya, wa kike, akapelekwa kwa Huoshun, mdogo wake Shuigen, ambaye hakujaliwa kupata. Wakamwita Lanxi. Toka aanze kusema, Shuigen kwake ni Baba Mkubwa. Kijiji kizima kilijua, kikaendelea kula tambi zake.

Miaka ikapita, mke wa Shuigen akafariki, serikali nayo ikageuka: watoto wawili ruksa. Katibu wa kijiji akamwambia mzee asifute kitu. Kwa maandishi ya kule, moja ni mstari mmoja uliolala, mbili ni mistari miwili. Aongeze mmoja tu, mfupi, kwa juu.

Asubuhi hiyo ukungu ulishuka toka kwenye mashamba ya chai ukameza ngazi, mzee akawa kama anaelea. Brashi mkononi, haandiki. Akauona ule mstari unajichora wenyewe, unateremka ukutani, unamjia kwa vimiguu vya mtoto. Alikuwa anataka kitu kimoja kabla hajafa: aitwe Baba, hilo la Mkubwa lidondoke huko.

Lanxi akatokea na kikapu cha majani ya chai, mama mtu mzima sasa. Akaishika ngazi, akamtania kwamba zamani alikuwa anamaliza kijiji kabla ya chakula cha mchana, leo kimstari kimoja kinamtoa jasho.

"Siku hizi hakuna wa kubomoa paa," mzee akasema, macho ukutani. "Hata ukiniita vingine, nani atauliza?"

Lanxi akaweka kikapu chini.

"Baba yuko nyumbani anakanda unga," akasema. "Magoti yanamuuma, na bado kasema tambi zangu atazipika mwenyewe. Nikikuita wewe hivyo, yeye nitamwita nani?"

Rangi ikamtiririkia mzee hadi kwenye kiwiko.

"Ila huo mstari ni mimi, Baba Mkubwa. Usiupindishe. Na usininenepeshe kama ulivyomnenepesha kaka hapo chini."

Mzee akacheka hadi ngazi ikatikisika, Lanxi akaikamata kwa mikono miwili. Kisha mzee akauvuta ule mstari taratibu, kama mtu anayemfunika shuka mtoto aliyelala.

Katibu alipokuja kuuliza mbona ukuta mmoja umekula asubuhi nzima, akajibiwa kwamba rangi za siku hizi hazikauki.