Sauti Niliyopigiwa Makofi

Ukitaka kuniita mwongo, niite, lakini kwanza fika hapa Ihanda uwaulize waliokuwa kwenye kibanda umiza changu cha kuonyeshea picha siku ile. Watakuambia nilitafsiri vizuri kuliko siku zote. Hapo ndipo aibu yangu ilipo.

Kazi yangu ni kuonyesha picha na kuzitafsiri kwa maiki palepale. Kizungu changu cha kuungaunga, nakubali. Huwa naitazama picha kwanza peke yangu, najipangia maneno, halafu kila mhusika nampa sauti yake. Kulikuwa na picha moja ya mazimwi na wafalme iliyopendwa sana kwa sababu ya mchawi wake, bibi kizee. Huyo nilimpa sauti ya marehemu Mama Adela.

Mama Adela alikuwa jirani yetu. Aliishi peke yake kwenye migomba yake, na watu walimsema mchawi bila ushahidi wowote. Sauti yake ilikuwa ya mikwaruzo, na kila mtu alimwita "mwana wange", yaani mwanangu kwa Kinyambo. Niliiga hivyohivyo, mikwaruzo na yote, watu wakavunjika mbavu. Na bintiye Adela je? Alikuwa akipika na kuuza chapati mlangoni pa kibanda changu, akicheka pamoja nao. Nilijiambia hana neno. Nilijua kabisa najidanganya.

Basi jamaa mmoja wa Kibingo akaniletea picha ileile, ila toleo refu, lenye vipande vilivyokatwa ilipoonyeshwa kwenye majumba ya sinema. Nilipaswa kuitazama kwanza. Sikuitazama. Nilishatangaza kwamba ninayo ile ndefu, mvua ilikuwa inanyesha, kibanda kimejaa tangu mchana, nikasema liwalo na liwe.

Tukafika mahali nisipopajua. Mchawi amekaa jikoni peke yake, anakoroga chungu. Sina maneno. Nikaizima maiki, nikaiweka mezani, nikangoja kipande kiishe. Mchawi akainua uso, akatazama moja kwa moja kule mlangoni kwa Adela, na spika zikasema kwa sauti ile ya mikwaruzo:

"Adela, mwana wange, usicheke nao tena kwa ajili ya kuuza chapati. Nenda kauzie pengine."

Niamini, mdomo wangu ulikuwa umefungwa. Watu wakaanza kucheka, kisha wakageuka kumtazama Adela. Mchawi akanigeukia mimi. "Na wewe nirudishie sauti yangu," akasema, akarudi kwenye chungu chake, na picha ikaendelea na vita vyake.

Kibanda kizima kikapiga makofi. Walidhani ni mimi, kwamba nimetunga papo hapo ili kumwomba Adela radhi. Mzee mmoja alifuta machozi, akaniambia nina kipaji. Nami nilifanya nini? Nikasimama, nikasema asanteni.

Kipande kile nimekirudia mara nyingi tangu hapo. Bibi anakoroga chungu tu, hafungui mdomo. Ile sauti ya mikwaruzo sina tena, nikijaribu inatoka hewa tupu. Wateja wakiuliza nasema ni mafua.

Adela alihamishia chapati zake sokoni Kihanga. Nilimkuta huko hivi karibuni. Alinipa shikamoo kwa heshima, akanifungia chapati kwenye gazeti, kisha akaniambia taratibu, bila hasira hata kidogo:

"Kaka, mimi niliiona maiki. Ilikuwa mezani. Mama alikuja kuzungumza na mimi, wewe ukasema asanteni."

Niliinama kama mtoto aliyeshikwa jikoni, nikaondoka. Ile chapati sikuweza kuila.

Kwa hiyo wewe unayeiga watu ili uchekeshe wengine, waliokufa waache wapumzike. Na ukipigiwa makofi yasiyo yako, sema palepale kabla hayajaisha. Mimi bado nasifiwa kwa siku ile, hata kanisani baada ya ibada, na kila nikisifiwa natafuta mlango wa kutokea.