Mkono wa Mama Mkwe

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nimepanga chumba Kitengela, na kanisani nilikuwa mtu wa harusi na matanga. Jumapili yangu ilikuwa ya kufua soksi na kulala. Lakini mwalimu niliyetaka kumwoa alikuwa Mmaasai wa Kajiado, na mama yake alikuwa nguzo ya kanisa dogo la Kipresbiteri nyuma ya soko la mifugo. Baba yake alikuwa ameshafariki. Kaka zake walinikubali, tena haraka kuliko nilivyotarajia. Mama alikuwa amekaa kimya miezi mingi, na bila neno lake hakukuwa na ndoa. Kisha akatuma ujumbe: nije kanisani.

"Hataongea na wewe," mchumba wangu alinieleza asubuhi hiyo tulipofika Kajiado. "Wewe angalia tu vile atafanya. Akikusalimia kwa mkono, wewe ni mgeni kama wageni wengine. Akikukwepa, basi wewe ni mkwe."

Hilo halikuhitaji mkalimani. Kwetu Bungoma pia, mtu na mama mkwe wake hawashikani mikono; wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani. Nilitoka kwa watu wanaokimbiana kwa heshima, na nilikuwa nimepata wenzetu. Kazi yangu siku hiyo ilikuwa kuomba nikimbiwe.

Kanisa lilikuwa mabati pande zote, na kufikia saa nne yalikuwa yameshaanza kutukaanga. Wazee wa kanisa walikaa mbele kwa koti na tai, wakilinda meza ambayo hakuna aliyekuwa na nia ya kuiiba. Mwinjilisti alikuwa kijana kutoka Kiambu, aliyehamishiwa huko majuzi tu, mwenye sauti ya kutosha uwanja mzima mbele ya watu wa kujaa lori moja. Alihubiri kwa Kiswahili, na mzee mmoja akatafsiri kwa Kimaasai. Mwinjilisti akisema sentensi moja fupi, mzee anaizungumzia mpaka watu wanacheka na mwingine anafuta machozi. Mwinjilisti akisema kwa kirefu, mzee anatoa maneno mawili na kunyamaza. Naamini tulipata mahubiri mawili siku hiyo, na yale bora sijui yalihusu nini.

Mama nilionyeshwa upande wa wanawake: kitambaa cha buluu cha chama cha akina mama kichwani, ushanga masikioni, shuka mabegani. Hakunitazama hata mara moja. Nilianza kupata matumaini, mpaka nilipogundua kwamba amesinzia.

Wageni tukaambiwa tusimame. Nikasema Bwana asifiwe, nikajibiwa asifiwe sana, nikasema nimetoka Kitengela, nikaketi. Mwinjilisti akatangaza kwamba mgeni huyu amebarikiwa. Jasho lilikuwa limenifika kiunoni.

Shida ilikuwa foleni. Makanisa yetu mengi yana desturi hii: ibada ikiisha, wa kwanza kutoka anasimama nje ya mlango, wa pili anamsalimia kwa mkono na kusimama kando yake, wa tatu anawasalimia hao wawili, hivyo hivyo mpaka kila mtu ameshika mkono wa kila mtu. Haponi mtu. Mwinjilisti alitoka kwanza, wakafuata wazee, kisha mimi na mchumba wangu.

Watu wakaja. Watoto waliinamisha vichwa niwaguse utosini, ndivyo wanavyosalimu huko, na wakubwa wakanipa mikono: migumu, laini, mmoja wenye mafuta ya kondoo. Nilisema "sopa" na "takwenya" ovyo ovyo, wanaume nikiwapa salamu ya wanawake. Jua likaniingia machoni. Baada ya muda mkono ulikuwa unajitoa wenyewe, na hapo ndipo nilipouona umenyooka mbele ya kitambaa cha buluu na ushanga ninaoujua.

Nilikuwa nimempa mama mkwe mkono. Kuurudisha mkono kungekuwa tusi, na kuuacha pale kulikuwa tusi kubwa zaidi.

"Mama, salimia mgeni," mwinjilisti akasema kwa furaha. "Hapa sisi wote ni ndugu. Hizo mambo za zamani tuliacha."

Mama aliutazama mkono. Mbele ya mtumishi wa Mungu na wazee wake wote, nilijua angeushika tu, nami ningerudi Kitengela nikiwa mgeni aliyebarikiwa.

Akavuta shuka, akajifunika uso, akageuka, akatoka kwenye foleni. Alizunguka kanisa lote kwa nyuma, kwenye mbigili na mavi ya mbuzi, kwa viatu vyake vya Jumapili, akatokea upande wa pili na kuanza kuwasalimia watu wa mwisho kana kwamba nilipokuwa nimesimama hapakuwa na mtu.

Mkono wangu ulibaki hewani. Kando yangu mchumba wangu alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Mwinjilisti akaja akanishika bega, amejaa huruma.

"Pole sana, ndugu yangu. Huyu mama tutamwombea abadilike."

"Mtumishi," nikamwambia, "tafadhali msimwombee."