Kocha Aliyempita Bintiye

Jumamosi nilisimama pembeni ya uwanja wa shule moja hapa Mlabani, nikimtazama mama mmoja akichagua wasichana wa timu ya taifa ya vijana ya kriketi. Mwenyewe aliichezea nchi huko nje kwa miaka mingi, akawa kocha, na sasa ndiye mteuzi. Kidole chake kimoja kimepinda kwa kudaka mipira migumu, na kwa mkono huo alikuwa akiwagusa begani wale aliowachukua.

Alipomfikia binti yake wa kumzaa, akampita.

“Mama, na mimi?”

“Mpira ukija kwa kasi unafumba macho, mwanangu. Kule utaumia. Mwakani tutaona.”

Machozi yakamlengalenga binti. “Sawa, kocha,” akasema, kisha akaenda kuwapongeza wenzake mmoja mmoja.

“Mimi ningemweka,” alininong’oneza mkulima wa mpunga aliyesimama kando yangu.

Mama yule alitugeuzia mgongo, akafuta uso kwa mkono wa jezi, akaendelea kuchagua.

Nimekaa kwenye kamati nyingi za kuteua watu, wasomaji wangu, na mtoto wa mwenyekiti hajawahi kukosa nafasi.