Chupa Iliyofukizwa Moshi

Nikiwa mdogo kule kijijini Hewani, mafuriko yakipungua yaliacha vidimbwi mashambani. Siku moja baba alichota maji ya kidimbwi kwa bakuli jeupe, akaniuliza naona nini. Maji tu, nikamwambia. "Kaa uangalie." Nikakaa. Mara nikaona vitu vidogo vinajikunja na kujikunjua, viluwiluwi vya mbu, vimejaa tele. Siku nzima sikunywa maji, mama akanigombeza. Sijui kwa nini naanza na hilo, ila siku yangu ya kwanza kazini nililikumbuka bakuli lile.

Shule niliacha chini kabisa. Maabara ya Garsen iliniajiri kuosha vyombo. Msimamizi wa maabara, mtu wa Kipini mwenye maneno matamu, aliniita kwenye hadubini nikiwa bado na ndoo mkononi. "Weka jicho. Waona nini?"

"Nyota, bwana."

"Ni tone la mkojo. Hizo nyota ni usaha. Na hivyo vijiti vinavyotembea ndivyo vilivyouleta."

Nikaiweka ndoo chini. Mtu yuko sokoni anauza ng'ombe, kumbe ndani yake mna mji mzima!

Baadaye nilipelekwa Hola, nikarudishwa, wasimamizi wakabadilika, mbuzi wa sokoni wakaingia mpaka ndani wakala pamba. Lakini nataka kusema habari ya siku za yule msimamizi wa kwanza, ya mfugaji mmoja Muorma, kutoka upande wa Minjila.

Mkewe alikuwa mjamzito, homa haitoki, dawa ya malaria imeshindwa. Walifikia kwa jamaa hapo Garsen. Tukampa mume chupa ya kioo tuliyoichemsha, akarudi nayo asubuhi imejaa mkojo wa mkewe. Msimamizi akaona usaha mwingi. Akapaka tone kwenye sahani ya kuoteshea, yenye chakula kilichoganda kama uji, akailaza kwenye kabati la joto. Vijidudu vikiwapo, kesho yake huota madoa. Kesho yake sahani ilikuwa tupu.

"Usaha upo, aliyeuleta hayupo," msimamizi akasema. Akaogopa. "Bila kumjua siwezi kuchagua dawa, na homa hii itamtoa mtoto kabla ya siku zake."

Akainua ile chupa, akainusa. Sisi tukacheka. Yeye hakucheka. "Mzee, hii chupa mliifanya nini?"

"Mke yangu alifukiza, daktari. Moshi ya mti, ya kusafisha, kama kibuyu ya maziwa. Atakupa chombo chafu, wewe?"

Msimamizi akakaa chini. "Moshi umewaua wadudu. Chukua nyingine. Msiioshe, msiifukize."

"Nimpe mke yangu chupa chafu? Mtasema Waorma hawana usafi!"

Mkewe alikuwa nje, ameegemea ukuta, anatetemeka. Akanyoosha mkono mlangoni. "Lete hiyo chupa. Nyinyi wanaume mtapiga kelele mpaka nizae hapa."

Safari hii madoa yaliota. Msimamizi akaviotesha tena vile vijidudu, akaweka juu yake vikaratasi vyenye dawa mbalimbali. Mume alipokuja akaonyeshwa sahani: vijidudu kila mahali, lakini kuzunguka kikaratasi kimoja, duara safi, hakuna kitu.

Aliinama akaangalia sana. Akaweka kidole juu ya lile duara, bila kugusa.

"Hapa," akasema polepole, "pamefukizwa."

Mimi mpaka leo sijasikia maelezo yanayoishinda kauli ile. Mabibi zao waliwaua wadudu hao kwa moshi miaka yote, wala hawajawahi kuwaona! Mungu ana mambo.

Mkewe akapewa dawa ya kikaratasi kile.

Nimestaafu sasa. Vijana wana mashine, na mimi nashangaa vilevile. Nyumbani kwangu nina kibuyu kimoja. Yule mfugaji alikileta maabara mkewe alipokwisha kujifungua, kimejaa maziwa, akakiweka mezani katikati ya chupa zetu.

"Mtoto msichana. Mama yake mzima. Kunyweni."

Msimamizi akanywa mpaka povu likakaa kwenye masharubu, akanipa mimi. Maziwa yalinukia moshi. Tulipoinua macho kumshukuru, mtu alikuwa ameshachukua fimbo yake, yuko barabarani, anaelekea Minjila. Nikamwita, kibuyu mkononi. Hakugeuka, na hakurudi tena.