Mwanafunzi Wangu Alipotufungulia Mlango

Mheshimiwa mchungaji, wazee wa jumuiya, akina papa na akina maman, nanyi vijana: leo tumenyimwa nyumba na mwanafunzi wangu mwenyewe.

Nilimsindikiza Maman Odette kutazama fleti ya kupanga huko mtaa wa Laeken. Mwisho wa mwezi huu yeye na wanawe watatu lazima wahame.

Wakala wa nyumba akafungua, akanitambua. "Ah, Mwalimu!"

Majuzi tu nilimfundisha, yeye na wenzake ofisini, sheria inayokataza kumnyima mtu nyumba kwa sababu ya asili yake.

Akamtazama Maman Odette. "Samahani, imeshachukuliwa."

Maman akawaonyesha wateja wengine waliosimama ngazini, akanigeukia: "Papa, na bale benye kungoja ku ngazi, bamekuja kusali?"

Nilimvuta wakala pembeni. Akanong'ona: "Mwenye nyumba hataki Waafrika. Ulisema tusiandike maagizo kama hayo. Sikuandika popote."

Nilikusudia wayakatae. Wamejifunza kuyaficha.

Sioni tena faida ya mafunzo hayo. Anayeiona aniambie hapa chini, kwenye maoni.

Uamuzi ni huu: Jumapili baada ya ibada, kila aliyenyimwa nyumba hivi alete anwani, tarehe na jina la wakala. Tutashtaki pamoja. Sitarajii hukumu kabla Maman Odette hajatolewa nje, lakini shtaka la kwanza nitaliandika mimi, dhidi ya mwanafunzi wangu.