Dakika Nne za Sista

Sista anayesimamia karakana ya misheni, nje kidogo ya Iringa, huijua petroli kwa pua. Huchovya kidole kwenye tangi la Pijo 404, hukipeleka puani na kufumba macho, na Amos, mtunza bustani, hujua kama imeharibika kwa kutazama nyusi zake tu. Gari hilo kuukuu hutoka wiki ya Krismasi peke yake, kuwapeleka misa masista wazee wasiokubali kupanda jingine. Mwaka juzi liligoma. Petroli ilikuwa imelala kwenye kabureta miezi kumi na moja ikageuka ulimbo, na wazee wakasikiliza misa redioni. Tangu hapo, kila Januari, Sista hukunja mikono ya gauni lake jeupe na kulilaza gari mwenyewe hadi Desemba.

Safari hii Amos alileta petroli ya nusu tangi. “Sasa hapo juu palipobaki wazi nani atakaa, Amos? Si maji ya umande? Na baridi hii ya usiku!” Akamrudisha mjini na dumu. Tangi lilipojaa pomoni, Sista alichomoa mpira wa mafuta, akawasha injini imalize yaliyobaki kwenye kabureta, akaweka kiganja juu ya boneti. Midomo yake ikaanza kucheza. Amos akavua kofia, akainamisha kichwa. “Vaa kofia yako, nahesabu dakika,” alisema Sista bila kugeuka. “Ya nne ikifika, inazima yenyewe.” Injini ikakohoa, ikanyamaza. Sista akatabasamu, akavuta turubai; lakini kabla halijafika mbele, akachora msalaba mdogo kwenye boneti kwa kile kidole cha petroli, haraka haraka, kama anayefuta vumbi. Amos akavua kofia tena.